Mpiga Ngoma wa Benchi la Nyuma

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo waulizeni wengine. Mimi nilimjua akiwa ameshakuwa yeye: mtu mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili uliopewa kuibeba. Tulimwita fundi. Hata waliolijua jina lake hawakulitumia, na mimi silitumii hapa, kwa sababu angekuwa hai angeniuliza nimepata wapi ruhusa.

Nilipiga gitaa katika bendi moja na yeye, miaka ya vita vya pili vya dunia na michache iliyofuata. Jina la bendi nalo nalinyamazia, maana waliobaki bado wanagombana nani aliyelibuni. Hatukuwa watu wa kisiwani Mombasa. Kiongozi wetu, mpiga kodiani, alikuwa mtu wa Likoni. Mimi wa Kisauni, mtoto wa mwenye duka ambaye alikuwa haniulizi niendako ili nami nisilazimike kumjibu. Fundi alikaa Changamwe karibu na reli, katika nyumba ya udongo, pamoja na mama yake mzazi, na ndege za vita zilikuwa zikipita chini chini juu ya paa lao la makuti kwenda kutua Port Reitz. Tulikuwa na lori bovu na dereva mkali. Tulipiga kwenye mashamba ya mkonge, stesheni za reli, kambi za askari, na harusi za kutoka Vanga hadi Malindi. Kodiani na gitaa ndizo zilizowafanya watu wasikilize. Ngoma ya fundi ndiyo iliyowainua vitini.

Alikuwa nazo mbili. Msondo, ile ndefu inayofika kifuani kwa mpigaji aliyeketi, na chapuo, ile ndogo ya kupakatwa. Zote alizichonga na kuziwamba mwenyewe, na alikuwa akicheka kila aliposikia ile methali kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

"Sasa nimvutie nani?" alikuwa akiuliza. "Jirani?"

Methali zilizotaja ngoma alizichukua kama kesi zilizofunguliwa dhidi yake. Mtu akisema ngoma ivumayo haidumu, naye alikuwa na jibu lake tayari: "Ikipasuka, yawambwa." Neno hilo nimelisikia akilisema kwa kiongozi wetu, kwa polisi, kwa dereva, na siku moja kwa mbuzi aliyekuwa akimchagua sokoni. Sijui mbuzi alilichukuliaje.

Kabla ya kupiga ilikuwa lazima azikange ngoma zake motoni. Ngozi ikinywa ile hewa yetu ya chumvi hulegea, na ngoma iliyolegea husema kama mtu mwenye mafua. Kwa hivyo popote tulipofika, hata kabla hajamaliza kusalimiana na mwenyeji, fundi alikwisha kusanya makuti makavu na kuwasha moto. Akaziegemeza ngoma mbali kidogo na ndimi za moto, akizigeuza polepole, akigonga kwa kidole kimoja na kutega sikio. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Harusi nzima ilingoja, bwana harusi amesimama na kilemba chake, jasho lamtoka.

"Fundi, watu washajaa," kiongozi alikuwa akimwambia.

"Na waendelee kujaa. Ngoma bado yalala."

Wakati mmoja kiongozi alilipata dramu la kizungu kutoka kwa askari waliokuwa wakirudi kwao, la kukazwa kwa skurubu, lenye matoazi ya shaba. Akamletea fundi akidhani amemletea zawadi. Fundi alijifunza lile dramu kwa muda mfupi akalipiga vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumsikia, msimu mzima, ili asije mtu akasema ameliacha kwa kushindwa. Kisha akalirudisha. Alisema kitu kisichohitaji moto hakimhitaji na yeye. Kiongozi alinuna hadi Ramadhani.

Nitasema wazi kwamba hakuwa mtu rahisi kuishi naye. Alitukosesha mialiko. Kulikuwa na shamba la mkonge upande wa Kilifi tulikoitwa alasiri moja kuwachezeshea vibarua waliomaliza msimu. Tulipangwa kwenye bohari lenye sakafu ya mbao, jirani na nyumba ya mwenye shamba. Watu walikuwa wamekolea, vumbi la mkonge limepanda, mara akaja nyapara, kofia mkononi, uso umemwiva kwa haya.

"Bwana asema ngoma ipunguzwe," akasema. "Mkewe yuaumwa na kichwa."

Fundi hakusimamisha mikono. "Mpe pole. Ngoma hii ina sauti moja tu. Akitaka ndogo, na atafute ngoma nyingine."

"Basi asema kama haipunguziki, inyamaze."

Fundi akainua mikono yake juu, akaionyesha pande zote kama mtu anayepekuliwa, akaiweka mapajani. Kiongozi akafumba macho. Mimi nikaacha gitaa. Lakini wale vibarua hawakuacha. Waliendelea kwa miguu, juu ya mbao, na bila ngoma ya kuwaongoza kila mguu ukawa na wakati wake, ikawa kelele ambayo hata mimi nisiyeumwa na kichwa ilianza kuniuma. Haikuchukua muda nyapara akarudi mbio.

"Fundi, tafadhali. Piga kama ulivyokuwa ukipiga."

"Sasa ishapoa," fundi akasema, akanyanyuka kwenda kutafuta makuti.

Akakanga ngoma ile taratibu, akigonga na kusikiliza, huku nyumba ya bwana mkubwa ikitetemeka kwa miguu ya watu. Shamba lile hatukuitwa tena, na nikilikumbuka nafurahi hadi leo.

Na Kisauni, mtaani kwetu, kwa watu wa koo zetu zenye majina marefu, alifanya yake. Ilikuwa harusi ya mchana. Watu wa mjini wakati ule waliwaita watu wa nyuma ya pwani Wanyika, nao hawakulipenda jina hilo, na aliyelitamka alijua kwamba hawalipendi. Mwenye harusi akapaza sauti: "Na yule Mnyika mpeni chakula chake kule nje." Fundi akala pilau kule nje, akamaliza, akaomba tena, akamaliza. Akanawa. Akarudi akakaa nyuma ya msondo wake, mikono mapajani. Kodiani ikaanza, gitaa likafuata, ngoma kimya.

"Mbona hupigi?" mwenye harusi akauliza.

"Aliyealikwa hapa ni Mnyika, bwana, naye ameshiba, ashukuru. Fundi wa ngoma bado hajaalikwa."

Bibi harusi alikuwa karibu kutolewa. Wanawake walikuwa wameshashika vigelegele mdomoni. Yule mzee mwenye harusi, na kanzu yake ya darizi, akaja mpaka mbele ya msondo akasema, si kwa sauti kubwa lakini ikasikika: "Karibu, fundi." Ngoma ikalia. Baba yangu, aliyekuwa mle ndani na aliyekuwa hataki kujua kwamba mimi ni mpiga gitaa, aliniambia jioni kwamba yule mwenzangu ana adabu nzuri. Nilidhani ananikejeli. Hakuwa akinikejeli.

Lakini mtu huyohuyo aliogopa feri ya Likoni. Hakumwogopa bwana mwenye shamba wala tajiri wa harusi, ila akikanyaga pale kwenye feri alishika chuma kwa mikono miwili na kuanza kuimba nyimbo za kanisani, zote, ubeti kwa ubeti, macho ameyafumba. Sisi tulimtania: maji haya mtoto wa Likoni huyaogelea kwenda kununua chumvi. Hakutujibu mpaka miguu yake ilipogusa mchanga wa ng'ambo. Hapo ndipo alipotutukana, mmoja mmoja, kwa zamu.

Hakunywa pombe. Katika bendi yetu hilo lilikuwa jambo la ajabu kuliko kuogopa feri. Na Jumapili hakupanda lori kabla ibada haijesha. Ngoja niseme habari za ibada, maana bila hiyo mtu huyu hajulikani.

Mimi ni Mwislamu, na kanisa lao la Changamwe sikuwahi kuingia miaka ile. Nililijua kutoka barazani. Tukiwa na safari Jumapili, lori lilipita kunichukua Kisauni, tukavuka daraja la Nyali na kisiwa kizima, tukaenda kumngoja fundi nje ya kanisa. Dereva alilala chini ya lori. Mimi nilikaa barazani kando ya mlango wa nyuma, na kutoka pale ningeweza kumpa fundi karanga kwa mkono, kwa sababu alikuwa akikaa benchi la mwisho kabisa, upande wa wanaume, peke yake.

Benchi lile lilikuwa la waliotengwa. Mkristo wao akikosa, wazee wa kanisa hukaa wakamtenga: hali mkate pamoja na wenzake siku ile wanapoigawa meza ya Bwana wao, hasimamii ubatizo wa mtoto wa mtu, na hukaa nyuma. Atakaa hivyo mpaka siku atakapokwenda mbele, mbele ya watu wote, aseme ametubu na ameacha.

Kosa la fundi lilikuwa ngoma. Mjomba wake, ndugu wa mama, mtu ambaye hakuwahi kuifuata dini ya wamishonari, alifariki kijijini kwao nyuma ya Rabai. Kwao mzee hazikwi kimya. Fundi akaenda akapiga ngoma mpaka mjomba akaingia kaburini. Aliporudi Changamwe habari zilikuwa zimemtangulia, akatengwa. Wengi waliotengwa huchagua moja kati ya mawili, kutubu upesi au kuhamia kanisa lingine. Yeye alichagua la tatu. Akasema maji ukiyavulia nguo yaoge, akajiunga na bendi yetu na kuanza kupiga ngoma kila wiki badala ya mara moja kwa mjomba. Na kila Jumapili aliyokuwa Mombasa akaenda kanisani, shati jeupe, suruali imepigwa pasi ya makaa, akakaa kwenye benchi lake na kuimba kwa sauti kupita kwaya. Vidole vyake havikutulia. Vilipiga ukingo wa benchi polepole, na mimi pale barazani nilisikia wimbo wao ukikaa sawa kwa ajili ya vidole vile.

Nilimuuliza kwa nini anajidhalilisha.

"Ustadhi," akaniambia, maana hivyo ndivyo alivyonitania, "ile ni nyumba ya babangu. Nikiambiwa nikakae jikoni, nitakaa jikoni. Lakini kutoka sitoki."

Mama yake tulimwita Mayo, yaani mama kwa lugha yao, kama mwanawe alivyomwita. Alikuwa kikongwe mwembamba, mwenye sauti inayokata, na hakuna mtu aliyeichukia ngoma kama yeye. Fundi alipokuwa akiwamba ngozi uani, Mayo alijifunga leso masikioni. Alisema ngoma ile yampasua kichwa tangu mwana akiwa mdogo akipiga sufuria zake. Kanisani alikaa benchi la mbele, upande wa wanawake, na hakugeuka nyuma hata mara moja ibada nzima. Nilidhani ni hasira. Baadaye nikajua kwamba hakuweza kumwangalia pale alipokaa.

Alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani. Alitaka, kabla hajafa, apige magoti pale mbele na mwanawe kando yake, wale mkate ule pamoja. Alianza kulisema hilo mwaka aliposhikwa na kikohozi kisichoisha. Siku moja nilikuwa kwao, tunakunywa chai na mihogo, akalisema mbele yangu.

"Mwanangu, mimi naenda. Nataka tule meza moja, mara moja tu. Kasisi asema ni neno moja."

"Mayo, wataka niseme nimeacha ngoma?"

"Nataka useme la kweli, ule."

"La kweli ndilo linaloninyima, Mayo."

Mama akaitazama chai yake. Mimi, kwa kuwa sipendi kuona mama wa mtu akiitazama chai hivyo, nikatia mdomo. Nikamwambia fundi aseme ameacha, wiki ijayo aanze tena. Watu hutubu na kurudia kila siku ya Mungu.

Akanigeukia. "Ustadhi, dini yenu yakufunza hivyo?"

"La," nikasema.

"Na yetu pia la. Kunywa chai."

Yule kasisi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kwao fundi, kijana kidogo kuliko yeye, na alikuwa akija kumwangalia Mayo na mafuta ya kuchua kifua. Nilimsikia uani akimbembeleza fundi. "Kaka, nisaidie. Nipe neno moja niwaambie wazee." Fundi akamjibu kwamba ana maneno mengi ya kutubu, wakitaka atawapa yote, ila hilo moja hana. Wakaachana wamekunja nyuso wote wawili. Jumapili ya kuigawa meza ilikuwa inakaribia, na Mayo alikuwa ameshaanza kutembelea fimbo.

Jumapili hiyo tulikuwa na safari ya Voi. Nilikuwa barazani. Kasisi akauliza, kama ilivyo desturi yao, kama kuna aliyetengwa anayetaka kurudi. Fundi akasimama. Nilisikia kanisa zima likivuta pumzi. Akatembea katikati ya mabenchi, akapita benchi la Mayo, akasimama mbele akawageukia watu.

"Nimekuja kuungama," akasema. "Nimewahi kusema uongo kwa dereva wetu kwamba naumwa. Nimemtukana jirani yangu juu ya kuku. Nina kiburi, kila mtu hapa anajua. Nimemhuzunisha mama yangu, na hilo ndilo linaloniuma. Hayo yote natubu. Ngoma sijaiacha na siiachi. Nilimzika mjomba wangu kwa ngoma na sioni haya. Kama kuna njia ya mtu kutubu yale na kubaki na hii, mimi huyu hapa."

Kasisi alimwangalia mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa akatikisa kichwa.

"Rudi ukae," kasisi akasema. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Fundi akarudi nyuma, uso mkavu, akakaa. Nikasikia fimbo. Mayo alikuwa ameinuka kutoka benchi la mbele na anatembea. Alitembea kwa namna ya mtu aliyechoka kungoja, akikohoa, fimbo ikigonga sakafu, akaacha upande wa wanawake akaingia upande wa wanaume, jambo ambalo sidhani mwanamke yeyote alikuwa amelifanya mle ndani. Akafika benchi la mwisho. Akamsukuma mwanawe kwa nyonga, kama mama anavyomsogeza mtoto kitandani, akaketi kando yake.

Walipokuja kugawa, kasisi akachukua mkate akashuka nao mpaka nyuma, kwa sababu Mayo hakuwa ametengwa na haki yake ilikuwa pale pale. Akamnyooshea.

"Mpe kwanza huyu," Mayo akasema.

"Mama, huyu siwezi."

"Basi na mimi hunipi."

Nilimwona kasisi usoni, maana alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipokaa. Alikuwa na kanuni mkononi na mama mzee mbele yake. Kisha akarudi mbele na mkate wake.

Ibada ilipokwisha fundi alimshika mama yake mkono wakatoka. Mayo akaniona barazani. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akavuta pumzi.

"Ngoma yenyewe siipendi, mwanangu," akaniambia. "Yanipasua kichwa. Lakini nimezaa mtu. Sikuzaa mrongo."

Alasiri ile Voi, fundi alipiga kama mtu anayebomoa nyumba. Msondo ukapasuka katikati ya wimbo, ngozi kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa mara ya kwanza kuona ngoma yake ikipasuka, na hakuna aliyethubutu kutaja methali. Tulingoja aseme lile neno lake. Hakulisema. Alikaa akaiangalia ile ngozi iliyochanika, kisha akachukua chapuo akamalizia nayo.

Tangu siku ile Mayo hakurudi benchi la mbele. Kila mkate ulipogawiwa kasisi alishuka, Mayo akamwambia mpe kwanza huyu, kasisi akarudi. Ikawa kama sehemu ya ibada yao. Nilimwambia fundi kwamba sasa kiburi chake kinakula cha watu wawili, nilikuwa nimekasirika, na akaniambia nimwambie mama yake mwenyewe kama nina ubavu. Sikuwa nao.

Mayo alikufa kabla mvua za mwaka hazijaanza, bila kula mkate ule. Kanisa lilimzika kwa heshima zote. Sisi watu wa bendi tulikwenda na vyombo, tukidhani fundi aliyemzika mjomba kwa ngoma hawezi kumzika mama bila ngoma. Alitukuta njiani akatuzuia.

"Rudisheni kwenye lori," akasema. "Mayo hakuipenda."

Baada ya maziko alikuja akakaa nami ndani ya lori. Akalia. Mikono ile mikubwa ilikuwa imelala mapajani haijui pa kwenda.

"Nimemnyima mamangu mkate," akasema.

Nikamwambia angeweza kusema lile neno moja. Sijui kwa nini nililisema. Nadhani nilitaka anikasirikie, maana hasira zake nilizizoea kuliko machozi yake.

"Ningeweza," akasema. "Naye angepiga magoti na mtu mwingine, si mimi." Kisha akaendelea kulia, kwa sababu kuwa na haki hakumrudishii mtu mama yake.

Bendi ilivunjika muda si mrefu baadaye. Kiongozi alirudi Likoni, mimi nikarithi duka. Fundi aliendelea kupiga na yeyote aliyemwita, akazeeka akipiga. Tulikutana mara chache, sokoni Kongowea au msibani, na kila nilipomuuliza anakaa wapi siku hizi Jumapili, alinijibu kwamba jikoni.

Miaka mingi ikapita. Nchi ikabadilisha bendera, na makanisa nayo yakabadilika, ngoma zikaanza kusikika ndani yake mpaka mimi Mwislamu nikazisikia nikiwa barabarani. Siku moja nikaletewa salamu: fundi asema ustadhi aje Jumapili, na safari hii aingie ndani.

Nikaenda. Kanisa lilikuwa limejengwa upya kwa mawe, mabenchi yote mapya isipokuwa moja. Fundi alikuwa pale nyuma, mdogo zaidi, mvi tupu, mikono ileile. Nikataka kuketi kuliani kwake.

"Hapo pana mwenyewe," akasema. "Pita huku."

Nikapita huku. Kasisi mpya, kijana, akasimama akasema kwamba kanisa limeondoa kutengwa kwa mzee wetu, kwamba haikupasa, na kwamba wanamwomba aje mbele ale meza na wenzake, kisha awapigie ngoma. Mbele palikuwa na msondo mpya umepambwa kitambaa. Watu wakapiga makofi. Fundi hakuinuka.

"Aliyetaka nije naye mbele hayupo," akasema. "Mimi nakaa hapa."

Kijana yule, na nilimpenda kwa hilo, hakubishana. Akachukua mkate akashuka mpaka nyuma. Fundi akautazama mkate, akatazama pale mahali patupu kuliani kwake muda kidogo, kisha akala.

"Na ngoma, mzee?"

"Nayo ije huku."

Wakaibeba, wakaiweka mbele ya benchi. Watu wakalazimika kugeuka wote, kanisa zima likaipa madhabahu mgongo. Fundi akagonga ngozi kwa kidole, akakunja uso.

"Baridi," akasema.

Basi ikatolewa nje ikakangwe, na ibada ikangoja. Niliwaona kupitia mlangoni wakihangaika na makuti, kasisi na joho lake akiwa mmoja wao, fundi akiwaelekeza kwa ukali kutoka kwenye benchi. Iliporudi akagonga tena, akatega sikio, akaridhika. Kwaya ikaanza wimbo, naye akaingia.

Alipiga kwa ncha za vidole. Ilikuwa sauti ndogo sana, ya mtu anayegonga mlango wa chumba chenye mgonjwa, na ilikuwa imekaa sawa kabisa. Na huyu ndiye aliyemwambia nyapara kwamba ngoma yake ina sauti moja tu. Waimbaji wa mbele hawakuisikia vizuri. Kasisi akainua mkono akamwashiria aongeze, aongeze, watu waisikie.

Fundi akatikisa kichwa, mikono haikusimama.

"Siongezi," akasema. "Mayo kichwa chamuuma."